Kopo la Fahali na Sinia la Rosalia

Rosalia Simoni hakuzaliwa na hasira. Hasira alitiwa, na aliyemtia ni mume wake wa ndoa, Kornelio, kuli wa bandarini, mwanamume wa kubeba gunia la sukari begani huku anapiga mluzi. Tena si kwa ulevi, wala si kwa wanawake. Ingekuwa hayo, Rosalia angejua pa kushika, maana wanawake wote wa Temeke walijua pa kushika hapo. Huyu alimtia mkewe hasira kwa kopo. Kopo la unga, jamani, mtu mzima na ndevu zake.

Lakini tukianza na kopo tutamwonea Rosalia. Kwanza mjueni mwenyewe.

Alizaliwa kusini, upande wa Ndanda, na mikono yake ilijua chungu kabla haijajua kusuka nywele. Bibi yake alimfundisha kupika kisamvu kwa karanga, mbaazi kwa nazi, na njugu mawe zinazokaa motoni mpaka zinalainika zenyewe. Kornelio alipomwoa kanisani, kisha akapata kazi Dar es Salaam, Rosalia alimfuata kwa meli kutoka Lindi, mtoto mgongoni na kinu kichwani. Abiria wakamcheka, wakamwambia mjini kuna mashine za kusaga, kinu cha nini? Akawajibu kwamba mashine haimjui atakayekula. Kinu kikashuka naye bandarini, kikaenda naye hadi Temeke, kikawekwa uani kwa Mzee Mfaume, ambako walipanga chumba. Mwingereza alikuwa bado anatawala wakati huo, na Temeke ilikuwa bado na mashamba ya mihogo katikati ya nyumba za watu.

Mtaa ule ulikuwa na desturi yake. Wanaume wa nyumba zile za jirani hawakula ndani. Jioni mkeka ulitandikwa barazani kwa Mzee Mfaume, kila mwanamume akakaa mahali pake, na kila mke akaja na sinia la nyumba yake limefunikwa kawa, akaliweka mbele ya mumewe. Mwenye sinia hufunua, husema karibuni, hugawa kitoweo kwa mkono wake, na wote hula katika masinia yote, Mwislamu kwa Mkristo. Hata asiye na mke, kama Gregori, kuli mwenzake Kornelio kutoka Newala, alikaribishwa vivyo hivyo. Yeye alilipa wema huo kwa kuwapasulia kuni wanawake wa uani.

Sasa hapa ndipo penye jambo, sikilizeni vizuri. Sinia la mtu pale mkekani ndilo lililokuwa jina la mkewe. Mke asipoleta sinia, nyumba imeaibika. Mume asipogusa sinia la mkewe, mke ndiye aliyeaibika, kwa sababu mwanamume hakatai mkono wa mkewe ila kwa mambo mawili: anataka kumwacha, au anaogopa kilichotiwa chunguni. Hakuna la tatu, na hata mtoto wa Temeke alilijua hilo.

Kazi ya Kornelio ilikuwa kubeba, na mchezo wake ulikuwa kubeba vilevile. Makuli wa Temeke walikuwa na ekseli ya toroli la reli, chuma kizima na magurudumu yake mawili, walikoipata sijui, na hakuna aliyeuliza. Wakaiita Mkwe, kwa sababu haikushikwa ovyo. Kila sikukuu ya Malkia wa Uingereza walishindana kumnyanyua Mkwe mpaka juu ya kichwa, mikono imenyooka, na mshindi alimchukua Mkwe akamlaza mlangoni kwake hadi sikukuu nyingine. Kwa Kornelio alikuwa amelala miaka, mpaka Rosalia akamzoea na kumwanikia muhogo juu. Kornelio alipoulizwa nguvu hizo anazitoa wapi, alielekeza kidole jikoni. Alikuwaga hivyo huyu bwana. Alisifu chungu cha mkewe mbele za watu bila kuombwa, na Rosalia alijitia hasikii, kumbe anasikia kila neno.

Basi akatokea karani mmoja, Audax, mtu wa Bukoba, suruali imepigwa pasi, mikono myembamba kama miiko ya kusongea ugali. Alikuwa akiuza makopo mekundu aliyoyatoa kwa mwenye duka mjini. Kopo lilichorwa Mzungu mwenye kifua cha kutisha, kambeba fahali mabegani, na fahali mwenyewe anaonekana karidhika. Audax akaja kumtazama Kornelio akifanya mazoezi. Akamsifu weee, halafu akasikitika. Akamwambia anapoteza kipaji chake kwa muhogo. Huko Ulaya, alisema, wanyanyua vyuma hawagusi ugali, ugali unalaza damu. Wao hukoroga vijiko vya unga huu kwenye maji asubuhi na jioni, na hawauchanganyi na makorokoro mengine, maana tumbo lililojaa mboga za majani halipokei nguvu. Sijui alilisoma wapi hilo. Nadhani alilisoma kwenye ile picha ya fahali.

Na Kornelio akaamini. Hasira zinanipanda hata mimi ninayesimulia. Najua kwa nini aliamini, si mpumbavu kabisa yule: magoti yalikuwa yameanza kumlalamikia asubuhi, na Gregori alikuwa anakuja juu, damu bado changa. Kornelio aliogopa. Mwanamume akiogopa hasemi naogopa, anatafuta kitu cha kununua. Sawa, anunue. Lakini ukishanunua kopo lako, lazima umwage jina la mkeo?

Jioni ya kwanza alimwambia Rosalia asimtilie chakula. Akaingia chumbani, akafunga mlango, akakoroga unga wake. Rosalia alidhani anaumwa, akapeleka sinia mkekani kama kawaida, akaliweka mbele ya mahali pa mumewe, na mahali penyewe patupu. Wanaume wakatazamana. Mzee Mfaume, ambaye alikuwa mtu wa haya, akakohoa, akasema sinia haliwezi kukaa bila mtu, akamwambia Gregori asogee hapo afunue. Gregori akasogea. Jioni iliyofuata ikawa hivyo hivyo, na iliyofuata, hadi ikazoeleka.

Mtaa haukulala. Pale bombani, Rosalia akifika na ndoo yake, maneno yalikatika. Wanawake wakawa wanamwuliza habari za nyumbani kwa sauti ya kuulizia mgonjwa. Mmoja akamrudishia chumvi aliyoazima, nzima, akasema hakuitumia. Zuena, mke wa Mzee Mfaume, aliyempenda Rosalia kama mwanawe wa kumzaa, alimvuta pembeni, akamwambia asichotaka kusikia.

"Mwanangu, wanasema mumeo anakiogopa chungu chako."

Rosalia aliweka ndoo chini. Ghadhabu ilimpanda. Mikono ile iliyoosha kila jani la kisamvu, iliyotwanga huku mtoto analia mgongoni, leo mikono ile inaitwa ya mchawi, na aliyeifanya iitwe hivyo amejifungia chumbani anakoroga maji. Akarudi nyumbani akamwambia Kornelio yote. Akamsihi, na Rosalia hakuwa mtu wa kusihi, akamwomba aende mkekani akae tu, amege tonge moja watu waone, kisha anywe hata debe la unga wake. Kornelio akasema Bwana Audax amemwonya, tonge moja tu linaharibu dawa yote. Akasema watu watanyamaza siku ya Malkia, akimnyanyua Mkwe. Alisema hivyo kwa upole, na upole ndio uliomuudhi Rosalia kuliko kama angempiga kelele.

Mwanamke mwingine angegoma. Angepika maji matupu. Rosalia alifanya kinyume, na alifanya kwa hasira. Kama chungu chake kina sumu, basi na waione hiyo sumu. Akawa anaamkia Feri kuchagua samaki mwenyewe, akiwaambia wachuuzi wasimpe wa jana. Akatwanga karanga mpaka kinu kikalia. Kunde za shambani kwake Mbagala, mbaazi, mayai ya kuku wake mwenyewe, vyote vikaenda kwenye sinia lile. Alilipeleka kichwa juu, akaliweka mbele ya mahali pa Kornelio kwa kishindo cha kusikika hadi nyumba ya tatu. Na wanaume wakala, wakalamba vidole, na kesho yake wakaamka wazima wa afya. Polepole maneno ya sumu yakaanza kukosa miguu. Likabaki lile jingine, kwamba basi Kornelio anataka kumwacha.

Gregori ndiye aliyegawa sinia hilo, na mgawaji hajinyimi. Kwanza mashavu yakajaa. Kisha shingo. Kisha shati lake la kazi likapasuka mgongoni, Zuena akamshonea, likapasuka tena.

Na Kornelio? Alianza kwa kujisikia mwepesi, akafurahi, akasema ndiyo dawa inafanya kazi. Wepesi ukaendelea. Suruali ikaanza kuomba mshipi. Akawa mkali kwa mtoto wao Anjelina bila sababu. Siku moja bandarini gunia lilimponyoka begani, jambo ambalo halikuwa limetokea tangu aanze kazi, na wenzake wakageuza nyuso wasimwone. Alipomweleza Audax, Audax akasema kiasi ni kidogo, aongeze makopo. Pesa ya nguo ya Anjelina ikaenda kwenye makopo.

Siku hiyo Rosalia alilichukua kopo mwenyewe, akaonja. Ulikuwa mtamu. Nasema ukweli, haukuwa unga mbaya, ulikuwa na ladha ya maziwa na sukari, na Anjelina akauomba tena. Ndiyo maana akazidi kuchanganyikiwa. Akalipeleka kopo kwa Filomena, muuguzi wa zahanati ya misheni, mwanamke wa maneno machache. Filomena akalisoma kopo lote, akacheka, halafu akaacha kucheka. Alisema ni maziwa makavu, sukari na vitu vidogo vidogo. Mgonjwa asiyeweza kutafuna unamfaa. Mbeba mizigo akiunywa baada ya kula, haumdhuru, pengine unamsaidia kidogo, pengine haumsaidii kitu. Lakini kuli anayeacha chakula chake na kubaki na huu, alisema, huyo anafunga, tena anafunga huku amebeba magunia.

Rosalia akarudi akamkuta Kornelio kaketi juu ya Mkwe, anapumzika, jua bado liko juu. Akamwekea kopo miguuni.

"Mie nimeuliza kwa anayejua. Huu ni wa kuongezea. Sasa niambie, Baba Anjelina, unaongezea juu ya nini? Chakula chenyewe umekiacha mkekani."

Kornelio akamwambia wanawake hawajui habari za vyuma. Akalichukua kopo lake, akalifuta vumbi kwa pindo la shati, akaingia ndani. Rosalia alibaki amesimama pale uani, na alisema baadaye kwamba siku ile ndiyo aliyokata shauri moyoni. Hatamsihi tena mtu huyu, si leo, si kesho.

Sikukuu ya Malkia ikafika. Uwanja nyuma ya soko ulijaa, watu wametoka mpaka Kinondoni, wanawake upande wao, watoto juu ya miembe. Audax alikuja na mpiga picha na kamera yake ya miguu mitatu, maana alitaka Kornelio apigwe picha ameshika kopo, ibandikwe dukani. Makuli wakamtoa Mkwe mlangoni kwa Rosalia wakambingirisha hadi katikati ya uwanja. Wengi walijaribu, wakashindwa magotini, wengine kifuani.

Gregori akaja. Akashika, akavuta pumzi, akamleta Mkwe kifuani, akatulia kidogo, akamsukuma juu. Mikono ikanyooka. Aliwaacha watu wamtazame, halafu akamshusha taratibu bila hata kumwangusha.

Kornelio akaja baada yake. Rosalia alikuwa na hasira naye, lakini alipomwona akivua shati na mbavu zikahesabika, moyo ulimruka. Alimleta Mkwe kifuani kwa ustadi wa zamani, kwani ustadi hauhitaji kula. Kisha mikono ikaanza kutikisika. Akafumba macho, akasukuma, Mkwe hakwenda. Goti moja likakunjika na chuma kikaanguka na kutimua vumbi. Hakuna aliyemcheka, na hiyo ilikuwa mbaya zaidi.

Audax hakupoteza muda kwa kuona haya. Alimkimbilia Gregori na kopo lake, akamshikisha, akamgeuzia kwenye kamera, akamwomba awaambie watu nguvu zake zimetoka wapi. Gregori alilitazama kopo, akamrudishia. Hakuwa mtu wa hila, alisema tu lililokuwapo.

"Mie hii sijawahi kuionja. Mie nimekula sinia la nyumba ya Kornelio."

Loo. Hebu fikirini neno hilo limesemwa mbele ya watu wote wale. Wanawake wakashika midomo. Kornelio alinyanyuka pale vumbini, akageukia upande wa wanawake, macho yamemwiva, akauliza kwa sauti ya kusikika na wote kama mkewe alikuwa anamlisha mwanamume mwingine.

Sasa ndipo Rosalia alipotoka. Aliingia uwanjani, mahali wanawake hawakuwa wanaingia, akaenda hadi mbele yake. Miezi yote ile ya bombani ilikuwa kooni mwake.

"Nimelisha mahali pako, Kornelio. Kila jioni nimeliweka sinia mbele ya mahali pako, wazee wakiona. Kama palikaa mtu mwingine, usiniulize mie. Jiulize wewe ulikuwa wapi."

Hakumwita Baba Anjelina, alimwita jina lake, na wote walisikia. Mzee Mfaume akajikongoja mbele, akasema ni yeye aliyemkalisha Gregori pale, mwenye neno na amwambie yeye. Makuli wakambingirisha Mkwe kwenda kwa Gregori, na muhogo wa Rosalia ukabidi utafutiwe pengine pa kuanika.

Jioni ile Kornelio alikwenda mkekani. Alitangulia kuliko wote, akakaa mahali pake, kainamisha kichwa. Gregori alipofika akakaa pembeni kule alikokuwa anakaa zamani, bila kuambiwa. Masinia yakaja. La Rosalia likaja la mwisho, limefunikwa kawa lile lile, akaliweka mbele ya mumewe, akaenda zake.

Kornelio akanawa, akasema karibuni, akafunua. Katikati ya sinia palikuwa na kopo jekundu lenye fahali, kijiko, na kikombe cha maji. Basi.

Ndipo Mzee Mfaume, kwa heshima zake zote, akaunyoosha mkono wake ulionawa kuelekea kwenye sinia.

"Gawa, bwana. Mwenye sinia ndiye anayegawa."

Kornelio alilibeba sinia akarudi nalo jikoni. Rosalia alikuwa amekaa kwenye kigoda, na nyuma yake chungu kimejaa, kimefunikwa, kisamvu kinanukia uani kote. Kornelio akasimama mlangoni, akasema kwa sauti ndogo kwamba amekosa, na kwamba ana njaa. Alikuwa na njaa kweli, ilikuwa njaa ya miezi. Rosalia alimtazama. Alimwonea huruma, sikatai, lakini huruma haikuifukuza hasira, vyote viwili vilikaa.

"Hukuniaibisha jikoni hapa," alimwambia. "Uliniaibisha kule mkekani. Kaseme kule."

Akaenda. Kuli wa bandarini, aliyekuwa amemnyanyua Mkwe miaka yote ile, alisimama mbele ya mkeka mikono mitupu. Akasema chungu cha mke wake hakina neno na hakijawahi kuwa na neno. Akasema hana nia ya kumwacha. Akasema mjinga ni yeye. Wanawake walikuwa wamejaa kwenye milango yao, wanasikia, na aliyerudisha chumvi alikuwamo.

Rosalia akapakua. Akaja na sinia, akaliweka mbele ya mumewe, akafunua kawa kwa mkono wake. Desturi ilimtaka aondoke ili wanaume wapate kula. Safari hii hakuondoka. Alisimama pale pale na mikono kiunoni, mpaka Kornelio alipomega tonge, akalichovya, akalimeza mbele ya macho ya wote. Ndipo akarudi jikoni.